Mama, Nimemsema Kaka Yako Mbele ya Watu

Mama yangu,

Jumapili tumefanya kuganduka hapa Giheta, matanga yako yameondolewa. Pombe ya ndizi ilitosha, na mvua ikatuacha. Kaka yako alikuja kutoka Muyinga amevaa koti, akasimama kuufunga msiba. Sikumwacha amalize. Nimemwaibisha, Mama, na hadi leo naona raha.

Najua ungesema, "Mjomba hasemwi." Nisikilize kwanza.

Unakumbuka ulivyoanza kushiba kwa vijiko viwili vya uji? Ukayasingizia maharage ya Giheta, eti yana kiburi kuliko yale ya kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Tulicheka sana. Hospitalini Gitega wakakupitisha mpira wenye kamera, hawakuona kidonda wala uvimbe. Daktari akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kufa kwa tumbo. Mjomba, aliyetusindikiza, akakuwahi: "Hapana, docteur. Kwetu ile ugonjwa haiko." Ukainamisha macho, maana mkubwa ameshasema. Tukarudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo.

Kumbe ilikuwa saratani ya aina adimu, isiyotoa uvimbe. Inatambaa ndani ya ukuta wa tumbo hadi tumbo linakakamaa kama ngozi kavu, halitanuki tena. Ilipoonekana ilikuwa imeshasambaa. Daktari alisema mara nyingine hupita katika damu ya ukoo, na anayegunduliwa nayo mapema anaweza kuondolewa mfuko wa tumbo akaishi. Akaishi, Mama!

Baada ya kukuzika nilikwenda Muyinga kwa mume wa marehemu mama mdogo Domitila. Aliponiona alilia. Domitila alikufa kwa hiyo hiyo, sisi tukiwa bado kambini, na daktari alimwambia Mjomba kwamba ndugu wote wapimwe. Mjomba akamziba mdomo shemeji yake: "We nyamaza. Nani atakuya kuoa mabinti zangu?" Alijua. Alijua tangu zamani, na kwenye kaburi lako akamnyooshea kidole Consolata, rafiki yako wa kufa na kuzikana, kwamba alikutilia sumu kwenye pombe. Majirani wakaacha kumsalimu yule mama. Akahamia Kobero kwa dada yake.

Basi Jumapili nilimleta Consolata, nikamketisha mstari wa mbele. Mjomba alipoanzisha tena habari za sumu, nikasimama nikasema yote: ugonjwa, Domitila, wewe. Consolata akaonja pombe kwanza, kama inavyotakiwa kuonyesha haina sumu, halafu akamkabidhi Mjomba mrija. Watu wote wakamkodolea macho. Akanywa. Na hakufa.

Ndipo binti yake Aline akauliza, "Papa, na mimi je?"

Aline nilimhurumia. Baba yake sikumhurumia hata chembe.

Jumatatu ijayo nakwenda Gitega na Aline, tupimwe wote wawili. Naogopa, sikufichi. Baba yake amemkataza, naye ameshakuja kulala kwangu na begi lake.

Pumzika sasa, Mama. Sitamsamehe, na usiniombee hilo huko uliko. Nakuahidi nitampigania Aline mpaka azeeke, akae ale mbele ya baba yake kila siku, na kila tonge limkumbushe Mjomba kwamba wewe, dada yake, alikuua kwa kunyamaza.