Habari Kwanza, Bei Baadaye

Abti, mjomba wangu uliyeondoka bila kuaga,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu bado haijapata herufi tulizokubaliana, na kwa sababu nataka barua hii isomwe kwa sauti sokoni Garissa. Anwani yako siijui. Tangu watu walipoamriwa kuingia vijiji vya seng'enge, nawe ukaswaga mbuzi wako kuelekea upande wa Diff, hakuna aliyekuona. Wapo wanaosema umekufa. Mimi sijakubali, na mtu akinisisitizia namwomba anionyeshe kaburi.

Nakukumbuka kwenye barabara ya Modogashe. Nilikuwa mtoto, midomo imenikauka, na kisima tulikuwa tunakiona. Akatokea mtu anayetoka Isiolo na ngamia wake. Ukasimama juani, ukaegemea fimbo, ukaanza kumpa habari: mvua imenyesha wapi, nani kazaa, nani kazikwa, sukari Garissa inauzwaje. Alisikiliza hadi mwisho, ndipo akatoa zake. Nilikuvuta shuka nikitaka umuulize bei tu twende zetu. Hukunitazama hata. Mwisho kabisa wa habari zake, yule mtu akasema Isiolo kuna ugonjwa wa mifugo na wanunuzi wameondoka. Ukageuza mbuzi jioni ile ile. Waliompita bila kusimama walirudi na fimbo mikononi, mbuzi hakuna.

Nakumbuka pia yule mnunuzi wa Nairobi aliyekuja kwetu akiwa na haraka zake. "Habana," ulimwambia kwa Kiswahili chako cha sokoni. "Wewe nakuja kwangu, nauliza bei mbele ya habari? Hiyo ni kazi ya mwizi. Toa yako kwanza."

Sasa niko katika taasisi ya utafiti wa uchumi ya chuo kikuu. Tunachunguza watu wanauza nini, nani ananunua, na kwa nini bei ya hapa si ya pale. Ungecheka sana, Abti. Ni kazi yako ile ile, ila sisi tunalipwa mshahara na tunakaa kivulini.

Juzi nilikwenda Garissa na mwenzangu Mutua, tukaingia kijiji kimoja ndani ya seng'enge na maswali yetu yaliyopigwa chapa. Mbuzi wangapi wamebaki? "Nabad." Unawauzia nani? "Nabad tu." Amani, katikati ya vita. Huwezi kuwalaumu; siku hizi neno moja likisikiwa na askari au na waasi wa shifta linaweza kumgharimu mtu shingo yake. Mutua akasema hawa watu hawataki kusaidiwa. Nikakunja karatasi, nikasimama kama ulivyosimama wewe, nikaanza kutoa habari: mvua ya Thika, bei ya mbuzi Nairobi, nani wa kwetu kaoa huko. Nilipomaliza, mama mmoja muuza maziwa akasema, "Sasa wewe umefika." Ndipo wakafunguka. Ndani ya ua mbuzi hana bei kwa sababu hawezi kutoka bila kibali. Mjini nyama imepanda hadi watu wameiacha. Kati ya ua na mji ni mwendo mfupi tu, lakini hakuna anayebeba habari, na mwenye lori na kibali ndiye anayenenepa.

Tuliporudi, profesa wetu alikuwa anapanga kazi za miaka ijayo, na kaskazini yote alikuwa ameiondoa. "Huko hakuna soko la kuchunguza," alisema. Nikamjibu kwamba soko lipo, limezibwa mdomo. Akauliza nani atakwenda. Nikasema mimi. Mutua naye, Mungu ambariki, akainua mkono.

Basi tumepewa chumba kimoja Garissa na nafasi katika msafara wa askari. Kila siku ya soko tutasoma bei za Isiolo, Thika na Nairobi kwa sauti kabla ya kumuuliza mtu chochote. Vita vikiisha tutafungua kituo Modogashe, kisha Kutulo, na watakaouliza maswali watakuwa watoto wa wafugaji wenyewe. Wanaosema tunatwanga maji kwenye kinu wasituhurumie. Naogopa, sikufichi. Naogopa barabara na mabomu yaliyofukiwa humo, na usiku silali vizuri. Lakini nitakwenda, na kaskazini haitatoka tena katika mipango yetu maadamu mimi nimo.

Kabla ya bei yoyote, tutaisoma barua hii. Anayesafiri kuelekea Diff aichukue kichwani, ampe atakayekutana naye, na huyo ampe mwingine, mpaka ikufikie.

Habari zetu ni hizi. Mama yu hai, goti bado linamsumbua, na bado anakugombeza kana kwamba umekaa mlangoni. Yule mbuzi wako mwekundu aliyebaki kwa jirani amezaa, na mama amekataa kumuuza hata siku tulizokosa unga. Mvua imenyesha Modogashe. Kisima chetu hakijakauka.

Nimetoa zangu zote, Abti, mbele ya watu, wala sijakuuliza kitu. Sasa ni zamu yako.

Mtoto wa dada yako,
bado nimesimama juani.