Mkaguzi wa Mama Anitha

Jumatatu jioni, Cedar Hill, Texas. Mvua imepita bila kupunguza joto. Nilirudi kutoka Houston jana, na tangu asubuhi nimekaa mbele ya habari ambayo ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sijaandika hata aya moja.

Si kawaida yangu.

Habari yenyewe ni kavu. Serikali ina mkopo kwa wenye nyumba wanaoishi kwa msaada wake, wagonjwa na walemavu, wa kulipia riba ya deni la nyumba iliyowashinda. Haudaiwi kila mwezi. Unalipwa siku nyumba ikiuzwa au ikipita kwa mtu mwingine. Nimeuripoti mara kadhaa, na kila mara nimeuita deni la pili juu ya la kwanza. Si zawadi. Kuhusu hilo sijabadili mawazo.

Ijumaa nilikwenda Alief, mtaa wa Houston, kumhoji Mama Anitha, Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ambaye hapa anasafisha vyumba hotelini. Mumewe, Silvestre, aliumia mgongo akipakia mizigo ghalani, na sasa anaishi kwa msaada wa ulemavu. Riba ilipowazidi, binti yao Anitha aliwaombea mkopo huo. Umekubaliwa tangu mwezi uliopita.

Nilibisha, na mlango ukafunguka kabla sijashusha mkono. Ndani walikuwa wamesimama kwa mstari, mama mbele, wote watatu wamevaa nguo za misa. Silvestre ameegemea fimbo, jasho linamtoka. Sakafu inang'aa.

"Tupo wote," Mama Anitha akasema. "Hesabu."

Nikamwambia mimi ni mwandishi tu, yule aliyepiga simu.

"Mama, si nilikwambia? Hakuna mtu anakuja," Anitha akasema, akivua viatu vya kanisani.

Silvestre akajishusha kitini polepole. "Kila gari likisimama nje, nainuliwa kama askari. Huyo mkaguzi akija kweli, atanikuta nimekufa wima."

Ilinichukua muda kuelewa. Kambini, anayekosekana siku ya kuhesabiwa anakatwa jina, na chakula kinakwenda na jina. Hivyo ndivyo Mama Anitha anavyoijua serikali: ikikupa kitu, itakuja kuangalia kama upo. Kwa hiyo tangu mkopo ukubaliwe amekataa zamu zote za mchana. Yuko nyumbani, anangoja kuhesabiwa. Msimamizi wake hotelini alikuwa amempa hadi leo Jumatatu: arudi kazini, au nafasi apewe mwingine. Na bila mshahara huo, nyumba ingewashinda tena.

Mimi sibishani na mtu kuhusu mambo aliyoyaishi. Napiga simu. Nilipiga ofisi inayosimamia mkopo, nikaweka sauti ya juu, na baada ya muziki mrefu akapokea mama mmoja mpole. Nikawa mkalimani.

Nani atakuja kukagua? Hakuna. Na wote wakiwa kazini? Waende kazini. Pesa mnazitaka lini? Siku nyumba itakapouzwa.

"Muulize, tusipouza?" Mama Anitha akasema.

Nikamuuliza yule mama wa ofisini. Akasema: basi, tutasubiri.

Nikatafsiri. Mama Anitha akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Serikali inaningoja mimi?"

Akakaa chini, pale pale kwenye sakafu yake safi. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Ya Burundi aliingoja iache vita. Ya Tanzania aliingoja impe kibali cha kutoka kambini hata kwenda sokoni. Hii ya hapa aliingoja imwite, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto aliyezaliwa yeye akiwa anangoja akaanza shule.

"Nimengoja serikali tatu," akasema. "Sasa moja iningoje mimi. Na ingoje vizuri, kaka, isinigongee mlango!"

Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Silvestre naye alicheka, akishika mgongo, akimsihi aache kwa sababu unamuuma.

Nimeketi mahakamani hukumu zikisomwa. Nimesimama kwenye mitaa iliyozama kimbunga kilipopita. Kalamu haijawahi kusimama. Ijumaa ilisimama. Masharti ya mkopo ule nilikuwa nayajua yote, hata yale ya herufi ndogo. Sikuwa nimeona kwamba ndani yake dola kubwa kama hii imekubali kukaa kimya nje ya nyumba ya msafisha vyumba, bila kuuliza hadi lini.

Nilimwona Mama Anitha akiliona hilo. Na bado sijui nitaliandikaje.

Leo mchana Anitha ameniletea ujumbe. Mama yake ametoka alfajiri kwenda hotelini, na yeye mwenyewe ndiyo anatoka kwenda chuoni. Baba amelala sebuleni na pajama, mlango umefungwa. Gari moja lilisimama nje, likaondoka.

Baba hakuamka, alizidi kukoroma.