Niliandika Uongo Kwenye Safu ya Wategemezi

Chuoni, Mwanza
Jumatatu mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii utaisoma polepole kwa miwani ile uliyoifunga kamba, basi na mimi nakusalimia polepole. Umeamkaje? Goti linakuruhusu kushuka bondeni, au bado unamwagiza jirani maji? Huku ni jua na mawe, na baridi ya nyumbani Kinyala naitamani hata nikiwa darasani. Mwili wangu ni mzima. Moyoni nina hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nikipiga simu kaka Ambakisye anaipokea, anaweka sauti kubwa, halafu anakujibia. Nikiuliza, "Mama, wewe unataka nini?" yeye anasema, "Mama anataka apumzike." Wewe nakusikia ukikohoa tu. Kwa hiyo bahasha hii nimempa kondakta wa basi aifikishe sokoni Bulyaga, dukani kwa Mama Zuhura muuza vitenge. Ameahidi kukupa mkononi ukienda sokoni, na yule mama akiahidi hana longolongo.

Shangazi ameniambia yote. Kikao cha familia kimekaa bila mimi na kukubaliana kwamba shamba auziwe yule mtu wa maparachichi, Ambakisye ajenge nyumba Mbeya, na wewe uhamie chumba cha uani. Jumamosi ijayo unatakiwa utie sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Ambakisye alisimama na simu yake akawasomea kazi yangu ya chuo. "Hata msomi wetu ameandika mwenyewe, mama ni mtegemezi. Sasa mtegemezi anaachiwaje ardhi yote hii?" Shangazi anasema watu waliitikia kwa vichwa, na wewe ukainama.

Mama, ile kazi ni yangu kweli. Mwaka wa kwanza tulifundishwa mtu kupanga fedha zake na za kaya yake: bajeti, akiba, bima, maisha ya uzeeni. Tukapewa fomu ya kujaza, na ndani yake kuna safu ya wategemezi. Nikakuandika wewe wa kwanza, kwa mwandiko mzuri, nikajiona mtu mzima. Nikapata alama nzuri, nikaipiga picha nikamtumia Ambakisye ili ajue dada yake anasoma. Na siku hiyohiyo, Mama, nilikula maharage yako, yale uliyoyatuma kwenye kiroba pamoja na magimbi. Nilijaza uongo huku nimeshiba chakula chako. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tupo mwaka wa pili, tumeingia kwenye fedha za makampuni. Wiki iliyopita mwalimu alitwambia kila mtu aeleze biashara anayoijua: nani aliweka mtaji, nani anaendesha, nani anafaidi. Wenzangu walieleza viwanda na mabenki. Mimi nikaeleza migomba yako, kipande cha chai na ng'ombe mmoja. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Dada, hilo ni shamba la mama, siyo kampuni."

Nikamwambia, "Limesomesha watu wawili, mwalimu, na hakuna aliyeweka mtaji isipokuwa yeye."

Akaniuliza, "Sasa huyo aliyeweka mtaji kwenye kampuni tunamwitaje?"

"Mwenye hisa."

"Na mali kubwa ya kampuni inauzwa vipi?"

Nikajibu kwamba haiuzwi mpaka mwenye hisa aridhie. Akaniambia nikae, akaendelea na somo. Nikakaa, ila sikusikia tena kitu mpaka kipindi kinaisha, maana nilikuwa nakufikiria wewe umeinama mbele ya watu unaowalisha.

Jana nilimpigia Ambakisye, nikamwambia ninafuta neno langu. Akasema chuo kimenitia kiburi, na kama nitaendelea kuvuruga mambo, ada ya mwaka wa tatu nijitafutie. Nimemwambia sawa. Nitauza chapati getini, nitasimamisha masomo mwaka mzima ikibidi, lakini sitasomeshwa kwa kunyamaza wewe ukiondolewa nyumbani kwako. Simchukii, na uniamini kwa hilo. Ana watoto na anahangaika. Lakini shamba siyo lake, na kikao hakikuweza kumpa kitu ambacho si cha kikao.

Kwa hiyo Jumamosi wakikuuliza msomi wako anasemaje, mpe shangazi karatasi hii aisome kwa sauti: mimi Atuganile niliandika vibaya. Mama yangu hanitegemei mimi. Mimi na kaka yangu ndio tuliomtegemea, na mimi bado.

Neno lingine moja, na hili ni gumu kwangu kuliko la Ambakisye. Huenda kweli umechoka. Huenda goti limekushinda na unataka kuuza, na mimi huku mbali napiga kelele za bure. Kama ndivyo, Mama, uza, na mimi nitakuwa upande wako. Ila useme kwa mdomo wako, ukiwa umeinua uso. Mimi pia sitaki kukujibia.

Nisalimie shangazi mwenye ulimi usiofichaficha, mjomba fundi wa mabati, na wifi yangu, mke wa Ambakisye; yeye hana kosa, na watoto wake nawabusu. Mama Zuhura mwambie nashukuru, ndaga fijo, hata kama Kinyakyusa atajifanya hakisikii.

Ni mimi, binti unayemlisha,

Atuganile