Mashine Iliyorudi Bubu

Jumanne, 13 Aprili 1999
Nimechuja nazi, nimepika wali, nimekaa mezani, nimefungua kompyuta yangu ya kupakata. Kama kila siku. Nikangoja. Kimya.
Kwa fundi imekaa wiki nzima. Kirusi, alisema. Dawa yake kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Leo kaileta mwenyewe hadi hapa Tandika, kaiwasha, kasema, "Sista, inadunda kama mpya." Alikuwa anaitazama. Mie sitazami kitu tangu macho yangu yalipokufa. Mie naisikiliza. Kuna programu inayonisomea kila ninachoandika, sauti ya kiume, nimeibandika jina la Mzungu. Haipo. Hata ule mlio wa kuwaka haupo.
Na mchezo wangu wa redio? Fundi anasema aliuweka pembeni kabla ya kufuta. Mume wangu, Idrisa, akainama kutazama. Akachukua muda. "Zipo," akasema. "Sehemu zote tisa."
Alhamdulillahi.

Jumatano, 14 Aprili
Ugonjwa umepata jina. Draiva. Programu ndogo inayoiambia kompyuta namna ya kutumia spika zake. Ilifutwa pamoja na mengine. Idrisa kanisomea: kwenye orodha ya vifaa, mstari wa sauti una alama ya kuuliza ya njano. Fundi hana draiva hiyo. Inatakiwa ya aina hii hii ya mashine. Lebo ya chini yenye jina la aina imefutika. Mapaja yangu ndiyo yaliyoifuta.
Kile kituo kipya cha redio kilichoagiza mchezo kinataka sehemu kumi na tatu mwisho wa mwezi. Zimebaki nne. Nabonyeza herufi, zinaanguka shimoni.
Haya nayatoboa kwa nukta nundu, za kusomwa kwa kidole. Mkono wangu mzito, ukurasa mmoja unakula asubuhi nzima. Mchezo hauandikiki hivi. Na redioni hakuna anayejua kusoma nukta. Hata Idrisa hajui. Afadhali.

Jumamosi, 17 Aprili
Idrisa anakagua nyama machinjioni Vingunguti. Akitoka huko anapitiliza mjini, kwenye duka la intaneti. Draiva aliipata, kwa kubahatisha aina. Haikuingia kwenye diskete moja, wa dukani wakaikatakata kwenye kadhaa. Tulipofika ya tatu, mashine ikakwaruza, ikagoma. Akarudi tena mjini, mvua yote ile. Safari hii zote zikasomeka. Alama ya njano ikabaki pale pale. Siyo draiva yake.
Nilimwomba anisomee sehemu ya tisa, nijue nilipoishia. Akasema amechoka. Halafu akaongeza, "Ngoja sauti irudi, usikilize mwenyewe." Alisema kwa chini sana. Nikaona haya kwa kumsumbua.

Jumatatu, 19 Aprili
Nimejaribu kutunga kichwani. Sehemu ya kumi: Bi Nuru anarudi kwa mumewe, anakuta kufuli jipya mlangoni. Maneno yanakuja. Nikitafuta yaliyotangulia, yameshaondoka.
Mzungu alikuwa anakisoma Kiswahili changu kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki. Nilikuwa namcheka peke yangu humu ndani. Leo namlilia. Nachukia kwamba kitu cha plastiki kinaweza kunifunga mdomo. Sijaoga. Sijapika. Umeme umekatika, sijui tangu saa ngapi. Kwangu ni mamoja.

Alhamisi, 22 Aprili
Bwana Shabbir ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Ana kompyuta kama hii. Idrisa alimpata kwa kuulizia mlango hadi mlango. Leo kaja mwenyewe na ile CD iliyokuja na mashine yake. Mtu wa maneno machache. Soda kakataa. Akapachika, akabonyeza, akazima, akawasha.
Mlio.
Nililia mbele ya mgeni.
Nikaleta diskete za programu ya kusoma, nilizokuwa nimezifungia kwenye kopo la biskuti. Bwana Shabbir akaziingiza moja moja. Mzungu akafungua kinywa.
Idrisa akasema nipumzike kwanza, nitasikiliza kesho. Sikumjali. Vidole vyangu vinaijua njia. Nikafungua folda ya mchezo. Mzungu akasema, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba haina kitu. Nikatoka, nikaingia tena. Haina kitu. Nikatafuta diski nzima kwa jina la Bi Nuru. Hakuna.
Bwana Shabbir akaaga taratibu, akavuta mlango.
"Ulijua lini?" nikamuuliza Idrisa.
"Siku ile ile, mke wangu. Nilidhani fundi ana nakala. Kila siku nampitia."
"Anayo?"
"Hana."
Alinidanganya usoni, kwa sababu uso wangu hauoni. Nimeandika hivyo na ninaurudia mstari huu kwa kidole. Lakini alijua sauti ikirudi itamsema. Na bado aliifuata kwenye mvua. Hilo sijui niliweke wapi.

Ijumaa, 23 Aprili
Nimepiga simu redioni. Walikubali mchezo kwa kusikia nikiusimulia tu, hawana karatasi yangu hata moja. Hawawezi kusubiri. Watachukua wa mtu mwingine. Dada aliyepokea simu alikuwa mpole. Upole wake ndio ulionimaliza.
Bi Nuru amekufa. Ningeweza kumwandika tena, watu watasema. Atakuwa mwingine.
Idrisa simsemeshi. Hakufuta yeye. Lakini nilikuwa nimeazima macho ya mtu mmoja tu duniani.

Jumapili, 25 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Sijafungua mashine.
Idrisa amefua, zake na zangu, ameanika barazani. Nilikuwa nasikia anavyokamua. Baadaye akaja mpaka mlangoni, akasimama, akauliza kama nitakunywa chai.
Nikasema ndiyo.
Akaenda kuwasha jiko. Mkaa umelowa. Namsikia anapuliza, anapumzika, anapuliza tena.