Chumvi ya Kwetu, Maji ya Sindo

Da Mwana,

Mvua haijakatika hapa Sindo, kando ya Ziwa Victoria, tangu nifike, na moyo wangu mzito. Unaikumbuka ile transista yangu ya plastiki laini, inayofanya kazi ikiwa majini? Hesabu zangu kwenye kompyuta zilisema maji yakianza kuharibika, saketi itapiga king'ora papo hapo. Tukaitia ziwani, kwenye kizimba cha samaki cha Mama Akinyi, mfugaji wa hapa. Jana asubuhi king'ora kililia, lakini samaki wake wote, ngege, walikuwa wameshaelea tumbo juu.

Nikajitetea kwamba labda waya umelegea. Mama Akinyi akachota maji ya ziwa kwa kikombe, mbali na kizimba, akanipa.

"Onja, injinia."

Nikaonja. Maji baridi kabisa.

"Hii maji haiko na chumvi," akasema. "Na wewe ndiye ulituambia hiyo kitu inategemea chumvi."

Kweli nilimwambia mwenyewe. Chumvi ikipungua majini, transista huwa nzito kama mgonjwa, ikachelewa kuitika. Na katika hesabu zangu nilijaza chumvi ya bahari yetu, wala sikuwaza kuuliza. Tangu utotoni, maji kwangu ni ya bahari ya Kisauni.

Mchana mama huyohuyo niliyemtia hasara alinipikia ugali na omena, dagaa wa huku. Nibusie wanao, na mama yetu mwambie nakula vizuri. Usimwambie tu kwamba Mama Akinyi alinisogezea kibakuli cha chumvi, akasema, "Ongeza, usikose ya kwenu," wala hakucheka.

Nduguyo,
Salimu