Msalaba Juu ya Jina la Melkior

Kalista Steshenari,
Mbinga Mjini.
13 Julai 2025

Mpendwa kaka Melkior,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana huku kwetu majuzi ulikuwa marehemu. Usishtuke, nitakueleza. Sisi hatujambo. Baridi ya Julai ni kali, lakini kahawa imeiva vizuri na Mama yuko Matiri anachuma. Namba yako haipatikani tangu Pasaka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaikumbuka kompyuta uliyoniachia hapa dukani. Ulitupangia kwenye skrini njia za mkato za picha za familia, zile ikoni za kubofya, kila mmoja na jina lake, zote zikihifadhiwa mtandaoni. Sasa bando liliisha kabla za kwako hazijapanda, na ile programu ya kuhifadhi ikabandika iksi ndogo nyekundu kwenye ikoni yenye jina lako. Mimi nilikuwa nimeshaizoea.

Jumatano ya mwisho ya Juni Mama alikuja kuchapisha picha ya kipaimara cha mwanangu Winnie. Akatazama skrini, akaniuliza, "Kalista, mwanangu mmemwekea msalaba tangu lini?"

Unajua kigangoni kwetu, kwenye daftari la waumini, jina lenye msalaba mdogo pembeni ni la marehemu. Nilimweleza kwamba ni kompyuta tu inalalamika kukosa bando, akaona namficha. Kabla sijafunga duka alikuwa ameshampigia shangazi Walburga, na tulipofika Matiri tulikuta wanajumuiya wameleta kuni na unga, mabenchi yamepangwa uani. Kaka, umeliliwa. Tena umeliliwa vizuri kuliko anavyostahili mtu asiyepiga simu. Hata mimi niliyejua ni bando nililia, kwa sababu sikuwa na namna ya kuwathibitishia.

Aliyetuokoa ni Kilian wa shangazi, yule dereva wa lori. Alikuja kutoa pole, akauliza nani amefariki, kisha akasema wiki iliyopita alikuona Geita ukibishana na fundi juu ya tairi la pikipiki. Mama akamwambia ayarudie maneno hayo, na alipomaliza akamwambia tena. Ule ugali wa msiba wako tukaula kwa furaha.

Hata hivyo asubuhi yake Mama alikuwa mlangoni kwangu, hataki msalaba ule ukae juu yako hata siku moja zaidi. Nikabadilisha ikoni, ukabaki. Nikazima kompyuta na kuiwasha, ukabaki. Kumbe alama ile haimo ndani ya ikoni, inabandikwa juu yake na ile programu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiamuru iachane na njia zetu za mkato, na msalaba ukatoweka. Mama akafanya ishara ya msalaba, huu wa kweli.

Chini yake ukatokea ule mshale mdogo uliojipinda, ambao kila njia ya mkato huwa nao. Nao siupendi, unachafua picha. Fundi Cuthbert, jirani yangu hapa, alishanielekeza namna ya kuiondoa mishale hiyo, ila huondoka yote kwa pamoja. Nilipotaka kuanza, Mama akanishika mkono. "Huo uache," alisema. "Unaonyesha anarudi."

Basi nimeiacha yote. Sasa kila akishuka mjini, kabla ya kwenda sokoni, anapita kwanza kuutazama wa kwako.

Barua hii anakuletea Kilian mwenyewe. Chukua simu yake hapo hapo uliposimama, umpigie Mama. Kiti cha mbele cha lori ni chako akianza safari ya kurudi, nimeshamwambia.

Shangazi Walburga anakusalimu sana, na kuni za msiba wako bado zipo, anasema zitakupikia ukifika. Winnie na mjomba Alphonce nao wanakusalimu. Mungu akutangulie njiani na akufikishe mlangoni kwa Mama.

Mdogo wako akupendaye, na aliyekulilia,
Kalista