Shemeji Aliniita Kazini Mshono Ukiwa Mbichi

Mshauri wangu, umri wako siujui ila kwa jinsi unavyowakaripia watu kila wiki nakuhesabu kama mama, basi naomba unikaripie na mimi lakini kwanza unisikilize, maana yule niliyezoea kumwambia kila kitu ndiye hasa nisiyeweza kumwambia hili.

Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na hospitali, yaani nilikuwa, maana wamenifukuza na mimi nimewashtaki. Kiwanda kile kina mbele na nyuma. Mbele kuna kaunta, feni, maua ya plastiki na wasichana wa rangi ya wenye kiwanda wanaopokea wateja, na nyuma kuna chumba cha mvuke ambako sisi weusi tunayapitisha mashuka kwenye pasi kubwa, ukiingia asubuhi na nguo kavu, saa nne umeshaloa mpaka za ndani, na tangu nianze kazi pale sijaona mweusi akikaa kaunta wala mtu wa rangi yao akishika pasi. Niliomba kaunta nikanyimwa, nikaomba tena, meneja akacheka na kuniambia mbele ya watu bila hata kushusha sauti, "Mama, nyinyi miili yenu imezoea joto, kule mbele utapata mafua." Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, mshauri, mpaka leo sijui kwa nini nilicheka.

Basi nikaugua. Nilikuwa natoka damu isiyojua mwezi wala tarehe, daktari akasema ni uvimbe kwenye kizazi na si wa kungoja, nikafanyiwa upasuaji na kupewa likizo ya ugonjwa. Msichana mmoja wa kaunta aliwahi kuteguka kifundo cha mguu, yeye alipewa likizo na kapu la matunda, na aliporudi akakuta kiti chenye mto, lakini mimi nilipopeleka cheti cha daktari meneja aliniuliza kama nimeamua kuzaa tena uzeeni.

Aliyeniuguza ni mdogo wangu wa tumbo moja, anakaa ghorofa ya juu yangu na mumewe na watoto wao. Wazazi wetu walishatangulia, tumebaki sisi wawili. Aliniogesha, alinibadilisha nguo, alimwaga beseni langu bila kukunja pua hata siku moja, na akimaliza ananichana nywele ananiambia, "Dada, ukiwa hivi unafanana na mama." Mumewe, shemeji yangu, ndiye msimamizi wa zamu kule kwenye mvuke, mweusi pekee mwenye ufunguo wa kiwanda, na kazi hiyo mimi ndiye niliyemwombea.

Siku moja nimelala, mshono bado mbichi, shemeji akanipigia kwa simu ya ofisini akaniambia, "Shemeji, nakuomba, huyu mpya anaunguza mashuka, mzigo wa hospitali umelala sakafuni, njoo kidogo tu umwonyeshe halafu urudi ulale," na pembeni yake namsikia meneja anasema mwambie apande teksi tutamlipia, nikaona nikikataa lawama zote zitamwangukia shemeji, na mke wake ndiye anayeniogesha, nikajifunga nguo tumboni nikaenda. Huyo mpya naye ni mweusi mwenzangu, binti mpole, nikamwonyesha jinsi ya kulivuta shuka kwa pembe zake, lakini mkono uliozoea kazi haujui kukaa bure, nikajikuta nimeishika pasi mwenyewe, likapita shuka moja, likapita la pili, nikaendelea tu kama mtu aliyerudi kwake, mpaka nikasikia kitu cha moto kinateremka tumboni. Mshono ulikuwa umeachia. Teksi ya kurudi nilijilipia.

Kumbe kamera iliniona yote. Kabla likizo haijaisha nikaitwa, nikaonyeshwa picha zangu nikipiga pasi, nikaambiwa nimejisingizia ugonjwa, kwa hiyo kazi sina. Nikaenda kwa wakili anayetetea wafanyakazi, mwanamke mdogo wa umbo lakini mkali kama pilipili, tukawashtaki kwa ubaguzi wa rangi na kwa kunifukuza nikiwa kwenye likizo ya ugonjwa, na yeye anayo maswali mengi ila moja ndilo lililonishinda. Aliniuliza, "Siku ile nani alikuita?" Nikamjibu hakuna, nilikwenda mwenyewe, nilichoka kulala.

Nilimdanganya kwa sababu asubuhi ileile mdogo wangu alishuka kwangu akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Dada, ukimtaja mume wangu, kesho yake hana kazi. Hiyo kesi yako ya rangi, wanangu wataila?"

"Lakini yeye ndiye aliyeniita."

"Na mimi ndiye niliyekuogesha."

Akageuka akapanda ngazi kurudi kwake, na mimi nikaenda kwa wakili. Sasa shemeji ameandikishwa kuwa shahidi wa kampuni, atasema nilijipeleka, na kwamba pale hakuna ubaguzi kwani yeye mwenyewe ni mweusi na ni msimamizi. Juzi tulikutana kwenye ngazi akaniambia, "Shemeji, ni neno moja tu, tusipishane kauli mahakamani." Kesi inasikilizwa wiki ijayo. Wakili anasema bila maelezo ya zile picha kesi itaanguka, na mimi nawaza nijitoe tu, niwaachie kiwanda chao na mvuke wao, nibaki na ndugu yangu, lakini kila nikifikia uamuzi huo nasikia meneja akisema miili yenu imezoea joto. Nikisema kweli nampoteza mdogo wangu. Nikinyamaza najiandika muongo mahakamani kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanye nini? Nisamehe kwa maneno mengi, na mwandiko pia unisamehe, siku hizi siwezi kukaa wima kwa muda mrefu, kidonda bado kinatoa majimaji na hospitali naona aibu kurudi, wataniuliza nilifanya nini.

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi, mwanangu,

Pole sana. Mara ya kwanza nilipoisoma barua yako nililia, mara ya pili nikakasirika, na hasira hiyo haijanitoka, kwa hiyo nivumilie.

Tuanzie pale ulipomalizia. Mtu mzima unaniandikia habari za wakili, meneja, kamera na ngazi, halafu mkiani kabisa ndiyo unakumbuka kuniambia kidonda kinatoa majimaji! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda hospitali leo, gazeti hili utalimalizia kwenye foleni. Ukiulizwa ulifanya nini, jibu: nilikuwa mgonjwa, nikaitwa kazini, nikapiga pasi, mshono ukaachia. Daktari ameona makubwa kuliko hayo. Tena mwombe aandike alichokiona, maana mshono haufumuki kwa mtu aliyejisingizia.

Sasa huyo wakili wako. Umemtafuta mwenyewe akupiganie, kisha umemfunga kitambaa usoni ukamsukuma uwanjani. Unamwonea. Anajua picha zipo, anajua kuna jambo nyuma ya picha, na wewe umemwambia ulichoka kulala! Nani anachoka kulala akaenda kupumzikia kwenye chumba cha mvuke? Hata jaji aliyelala fofofo ataamka acheke. Usipomweleza yeye kwa hiari yako, wakili wa kampuni atakuuliza swali hilohilo mbele ya watu, na uongo wako utawafaa wao, hautakufaa wewe.

Na kuna jambo umelipitisha haraka katikati ya sentensi ndefu, wala sidhani kama umejua uzito wake. Ulimsikia meneja. Alikuwa amesimama kando ya simu akisema upande teksi, watalipa. Kumbe aliyekuita ni meneja mwenyewe, kwa mdomo wa shemeji yako. Alijua uko likizo, alijua umepasuliwa, akakuita, akakupiga picha, akakufukuza kwa picha hizohizo. Mwanangu, hilo ndilo wakili wako analolitafuta, na wewe umelikalia ili kumlinda shemeji.

Simchukii shemeji yako. Ni mwoga tu, na woga wake naujua, ni woga wa mtu mwenye watoto. Lakini ufunguo aliopewa ni wa chumba gani? Ni wa chumba kilekile cha mvuke. Kaunta, yeye naye hajakaribishwa. Sasa wanataka kumpandisha kizimbani awe ushahidi kwamba pale hakuna ubaguzi, na wakishamtumia sijui watamweka wapi. Usibishane naye tena kuhusu nani aseme nini. Akikusimamisha kwenye ngazi, msalimie, mwambie hayo yana wakili, upite zako. Kupanga maneno na shahidi ni balaa jingine, na mabalaa uliyonayo yanakutosha.

Wewe humtaji ili afukuzwe. Unasema kilichotokea. Muulize wakili kama sheria ya kwenu inamlinda mfanyakazi anayesema kweli mahakamani, na kama inamlinda, aelezwe shemeji yako mapema na mtu anayejua, kabla hajala kiapo cha uongo. Huenda akapata moyo. Huenda asipate. Sitakudanganya.

Tufike kwa mdogo wako, na hapa sauti yangu naishusha. Neno lake, "mimi ndiye niliyekuogesha," limenichoma hata mimi nisiyekufahamu. Ni kweli, alikuogesha, na alifanya kwa upendo, si kwa bei. Lakini sasa, kwa hofu, ameupachika bei. Wewe usiilipe. Deni la kuogeshwa hulipwa kwa kuogesha. Siku akiugua, hata kama hamsemezani, panda juu na beseni lako. Siku akikosa chakula, gawa chako mara mbili. Uongo wa mahakamani haumo kwenye deni hilo.

Uliandika kwamba hujui kwa nini ulicheka na meneja. Mimi najua. Ulicheka kwa sababu ulikuwa na kodi ya nyumba. Wengi wanacheka hivyo makazini, wakifika nyumbani hawasemi na mtu. Usijilaumu kwa kicheko kile, ila usikirudie wiki ijayo mbele ya jaji, kwa maana ukisema ulijipeleka mwenyewe, utakuwa umecheka naye tena. Na yule binti mpole uliyemfundisha kuvuta shuka kwa pembe yupo palepale ulipokuwa wewe, katika joto lilelile ambalo eti mwili wake umelizoea. Naye ana kizazi. Naye ataugua siku moja, apeleke cheti, aulizwe anazaa tena.

Je, utashinda? Sijui. Nimeona watu wenye haki wakitoka mahakamani mikono mitupu, na nimeona ndugu waliokosana kwa jambo dogo kuliko hili wakazikana bila kupatana. Ukiniuliza kama ipo njia ya kubaki na kesi yako, mdogo wako na kazi ya shemeji yako vyote pamoja, nakujibu hapana, sidhani. Kujitoa nako hakutakurudishia ndugu yako wa zamani, kwa sababu kila atakapokuchana nywele utakumbuka bei uliyolipa, na yeye pia ataikumbuka.

Basi fanya hivi. Hospitali leo. Ukitoka huko, panda kwa mdogo wako kabla hujaenda kwa wakili, maana hastahili kulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mahakamani. Usimtumie ujumbe wa simu na usimtume mtu. Huendi kuomba ruhusa, unakwenda kumpa taarifa: nitasema nani alinipigia, nitasema na sauti ya nani niliisikia nyuma yake. Akilia, mwache alie. Akikutukana, usirudishe hata neno moja.

Akigoma kufungua mlango, yaseme hapohapo nje kwa sauti ya kawaida, atakusikia. Kisha shuka taratibu, ushike ukuta kwa ajili ya mshono, umpigie wakili.